Guest na visitor: wote wageni, ila mmoja analala sabule mwingine anangoja dakani

Nianze na aibu yangu mwenyewe ndo mjue siongei kama profesa. Mwaka wangu wa kwanza risepsheni, kwenye nyumba moja ya mawe hapa Mkomani, Lamu, tulikua na shida ya watu kupanda juu ovyo. Yaani jamaa kamjua mteja jana pale jeti, leo ashapanda ngazi mpaka paani, huyu anauza kikoi, huyu anauza safari ya Manda, mwingine hana shughuli yoyote kaja tu wifi. Bosi akaniambia wewe si umesoma, andika kitu hapo ngazini. Nikachukua makapeni nikaandika kwa herufi kubwa NO GUESTS UPSTAIRS, nikabandika na seloteepu, nikarudi kitini na raha zangu zote. Haikufika nusu saa mama mmoja mtu mzima kashuka na begi lake mkononi, kaja mpaka mezani, ananiuliza kwa upole kabisa: kwani sisi tulale wapi leo?

Hapo ndo nilijua kwamba "guest" na "visitor" si kitu kimoja. Shuleni tulifundishwa mgeni ni "visitor", ukurasa wa pili mgeni ni "guest", mwalimu akapita mbio kama anakimbia mvua. Sasa kila mwaka naletewa vijana wapya, wapwa zangu na watoto wa jirani, wanataka kazi ya hoteli au ya kutembeza watalii, na wote wanakosea palepale nilipokosea mimi. Nimechoka kurudia kwa mdomo, naandika mara moja, ukiulizwa mtumie mwenzako.

Hatua ya kwanza: lipasue neno mgeni

Shida si Kiingereza, shida ni kwamba neno letu ni pana mno. Mgeni wetu anabeba watu wanne mgongoni. Yupo uliyemwalika ukampikia. Yupo aliyepita kukuona au kuona mji akaenda zake. Yupo usiyemjua kabisa, ndo ule wa "samahani ndugu yangu, mimi mgeni hapa, bandarini napitia wapi?". Na yupo wa nchi nyingine. Kiingereza kimewapa kila mmoja jina lake, "guest", "visitor", "stranger" na "foreigner", na sisi tukitafsiri tunaokota lolote lililo karibu.

Hawa wawili wa mwisho tuwamalize haraka. "Stranger" ni mtu asiyejulikana, na lina harufu ya hofu kidogo, manake ndo neno wazungu wanalotumia kuwaonya watoto wao wasipokee peremende njiani. Kwa hivyo ukimpigia mteja simu chumbani ukamwambia "there is a stranger here for you" usishangae akifunga mlango kwa komeo. "Foreigner" nalo ni kweli halina tusi, lakini ukimwambia mtu usoni ni kama unamkumbusha hapa si kwao, liache kwa watu wa uhamiaji. Na mtu wa bara aliyekuja na basi mpaka Mokowe akavuka na boti, sisi twamwita mgeni vizuri tu, lakini "foreigner" hawi, ni Mkenya mwenzako huyo.

Na wewe mwenyewe ukifika Nairobi ukataka kusema mimi mgeni hapa, usiseme "I am a guest here", watakuuliza guest wa nani. Sema "I'm new here", au "I'm a stranger here", basi.

Hatua ya pili: simama mlangoni uiangalie nyumba

Hii ndo hatua ninayoipenda, na hii usiiruke. Kiswahili kina neno moja lakini nyumba ya Kiamu ina sehemu mbili, na mimi nilielewa Kiingereza siku nilipoacha kamusi nikaiangalia nyumba niliyokua nimekaa ndani yake.

Ukitoka njiani, kabla hujaingia mlangoni, unakuta daka. Ile sehemu iliyofunikwa juu, mabaraza ya mawe kulia na kushoto. Mtu akija kwa shughuli yake, kuulizia habari, kuleta mwaliko wa harusi, kudai deni, kusalimia tu, anakaa hapo dakani. Kahawa tungu atapewa, na halwa kama siku ni nzuri, mazungumzo yataenda mpaka adhana, afu anasimama anaenda zake na hata pazia la ndani hajaliona. Huyo ndo "visitor". Hajadharauliwa hata kidogo, kaheshimiwa sana, lakini kaja na ataondoka na nyumba haijabadilika kitu.

Sasa pita mlango, unaingia tekani, ndo ukumbi wa kuingilia, unapinda kona, manake kona imewekwa makusudi wa njiani asione ndani, unatokea kiwandani, ndo ua wa ndani, kwenye mwanga. Nyumba za wenye uwezo zilikua na chumba kinaitwa sabule, chumba cha mgeni, na mara nyingi kina njia yake ili mgeni mwanamume aingie na kutoka bila kupita kwa wanawake kwenye misana, vile vyumba virefu vya ndani. Fikiria mfanyabiashara kaja na jahazi na upepo wa kaskazi, hawezi kurudi Arabuni mpaka kusi ivume, ni miezi hiyo. Atalala hapo, atakula hapo, akiugua ni juu ya mwenye nyumba, akidhulumiwa sokoni ni aibu ya mwenye nyumba. Huyo ndo "guest".

Kwa hivyo ukikwama sema moyoni, sabule au daka? Wa sabule ni "guest", wa daka ni "visitor". Au kama nyumba yenu ni ya makuti na haina hivi vitu vyote tumia hodi na karibu: "visitor" ni mtu aliyepiga hodi, "guest" ni mtu aliyekwisha kuambiwa karibu ndani.

Hatua ya tatu: tafuta mwenyeji

Picha ya daka na sabule itakubeba mbali, lakini kuna mahali itakuangusha, kwa hivyo ichimbe zaidi uone ndani yake kuna nini. Kilicho ndani ni mwenyeji. "Guest" hawezi kuwepo bila mwenyeji, ni kama mume na mke, huwezi kuwa mume peke yako. Lazima kuna mtu au nyumba au hoteli iliyosema huyu ni wangu, dhima yake iko juu yangu. "Visitor" hahitaji mtu yeyote, anahitaji mahali tu pa kwenda.

Mfano mzuri ni Takwa, ule mji uliobaki magofu kule kisiwani Manda. Kila siku tunapeleka watu kwa boti maji yakijaa, na kijana wangu mmoja aliwaandikia wateja "you will be guests at Takwa ruins". Nikamuuliza, watakaribishwa na nani? Wenyeji walihama karne ya 17! Pale wote ni "visitors", hata ukienda mara mia. Na makaburini vilevile, wakati wa Maulidi watu wanaotoka Tanzania, Komoro na kwingine wanafanya ziara kwenye makaburi ya masharifu, hao ni "visitors" kwenye makaburi, lakini ukienda kwa ile familia iliyowapa chumba na godoro mtaani, palepale, watu walewale, wanageuka "guests". Mtu hakubadilika. Kilichobadilika ni kama kuna aliyewabeba.

Hapa nitoke njiani kidogo. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta desturi ya ajabu. Jahazi likitia nanga vijana wa mji wanaliendea na mashua ndogondogo, kila mmoja na sinia lake la chakula limefunikwa, anamwekea mfanyabiashara mmoja mbele yake na kusema huyu ni mgeni wangu. Basi imekwisha, mfanyabiashara yule atashukia nyumbani kwa yule kijana, na mali yake itauzwa na mwenyeji wake. Ukimuuzia kitu mwenyeji hayupo, biashara hiyo haihesabiki. Ibn Battuta mwenyewe hakua mfanyabiashara, alikua mtu wa elimu, na mtu wa elimu mwenyeji wake ni kadhi, kwa hivyo akapelekwa kwa kadhi. Mimi nikisoma hivi nacheka manake nenda jeti ya Manda ndege ikitua uone vile tunavyogombania watu, "my guest, my guest, this one is my guest!", sinia tu ndo hatuna. Lakini angalia neno: hata mabichi boi wetu ambao hawajafungua kamusi maishani hawasemi "my visitor". Wanajua kwa damu kwamba kinachogombaniwa ni uenyeji.

Na Vasco da Gama je? Aprili 1498 alipita Mombasa kukawa hakuna kuaminiana, akaendelea mpaka Malindi, mfalme wa Malindi akampokea, akampa vyakula na rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Kwa hivyo Malindi alikua "guest", Mombasa alibaki "visitor", tena "visitor" mwenye mizinga. Yaliyofuata baadaye ni habari nyingine, ile nguzo yake bado imesimama Malindi, kaulize wazee.

Sasa hili la mwenyeji linaonekana mpaka kwenye sarufi, na hapa ndo faida kubwa kwa mtu anayeandika barua pepe. "Guest" anamilikiwa: "my guest", "our guest", "a guest of the family", "a guest at the hotel". "Visitor" anaelekea: "a visitor to Lamu", "visitors to the museum", na anatokea: "a visitor from Italy". Kwa hivyo "we receive many guests to Lamu" inasikika vibaya, sema "Lamu receives many visitors", na kwenye mlango wako wewe sema "our guests". Mji wote hauwezi kumlaza mtu, wewe unaweza. Lamu ilipoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, wanaokuja kutazama mji ni "visitors". Wanaolala kwako ni "guests". Na wanaweza kuwa mtu mmoja huyohuyo, asubuhi ni "visitor" pale Ngomeni, ile ngome ya Lamu, jioni ni "guest" mezani kwako.

Hatua ya nne: ijue mitego, manake iko mingi

Mtego wa kwanza ni wa kulala. Nikishasema sabule vijana wanakariri kwamba anayelala ni "guest" na asiyelala ni "visitor", wanafunga daftari. Hapana. Aliyealikwa harusini hakai hata masaa matatu, anakula biriani anaondoka, na ni "wedding guest". Aliyekuja kula chakula cha jioni ni "dinner guest". Na upande wa pili kuna huyu wa chuo kikuu, "visiting professor", anaweza kukaa mwaka mzima na nyumba amepewa, wakati "guest lecturer" kaja siku moja kasema maneno yake kaondoka. Ndo uone muda wa kukaa si sheria. Kinachomfanya huyu wa siku moja awe "guest" ni kwamba kaalikwa jukwaani pa mtu.

Mtego wa pili ni pesa. Mtu wetu anaona akishalipa si mgeni tena, ni mteja, na kwa Kiswahili ni kweli. Hoteli za Kiingereza zimeamua hapana, analipa na bado ni "guest", na ukimwita "customer" pale mezani kwangu haikosewi lakini inasikika kama unamuuzia unga. Sisi tuna ule msemo mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, hotelini siku ya tatu hatumpi jembe, tunampa bili, na "guest" anabaki "guest". Lakini usichukue hii ukaenda nayo kila mahali: Ngomeni anakata tiketi na bado ni "visitor", botini ni "passenger", dukani ni "customer". Mgahawani ni nusu kwa nusu, mahali pa vitambaa vyeupe wanasema "guest", pa mbaazi na mahamri wanasema "customer", kama wanasema chochote.

Mtego wa tatu unanikera mimi binafsi. Gesti. Sisi tumelichukua neno tukalifanya nyumba: nimelala gesti, gesti ile ina kunguni, gesti za karibu na stendi. Ni Kiswahili safi kabisa sahii, sina ugomvi. Ugomvi ni pale unapolirudisha kwenye Kiingereza bila kuliosha, "last night I slept in a guest". Hapo umesema umelala ndani ya mtu! "I work in a guest" vilevile. "Guest" siku zote ni mtu, jengo ni "guest house", sehemu zote mbili za neno lazima zifike.

Na mtego wa nne ndo ule wangu wa ngazini, mgeni wa mgeni. Kwa Kiswahili huyu ni mgeni na yule ni mgeni, hakuna njia. Kiingereza cha hoteli kinawatenganisha bila huruma: aliyechukua chumba ni "guest", rafiki yake aliyekuja kumwona ni "visitor", hata kama rafiki ni tajiri kuliko yeye. Kwa hivyo lile tangazo langu lilikua limefukuza waliolipa na kuwaruhusu waliokuja kwa wifi. Hili lina pesa ndani yake manake kwenye hizi app za kubuki vyumba mtu akiulizwa "number of guests" anaulizwa vichwa vitakavyolala, vinne ni vinne. Mwenye nyumba akiandika "no visitors" maana yake hao wanne wasilete wengine. Nimeona mzozo mkubwa sana kwenye nyumba moja huko Shela, mwenyeji kaandika kwamba nyumba inapokea "visitors" sita, wamekuja kulala sita na wakaalika wengine kumi chakula cha jioni, kila upande unaonyesha simu yake, na wote wana haki kwa sababu neno lilikua baya.

Hatua ya tano: mengine yameze mazima

Yapo maneno ambayo hayana haja ya kufikiria sabule wala daka, yashafungwa pamoja kama tanga na foromali, ukiyatenganisha yanaanguka. Mgeni rasmi ni "guest of honour", na sisi Wakenya twasema sana "chief guest", ni sawa hapa nyumbani, ila Muingereza wa kwao atakuelewa huku akishangaa kidogo. Orodha ya walioalikwa ni "guest list". Anayealikwa kuhutubia ni "guest speaker".

Upande wa pili, hospitali ni "visiting hours" na wanaokuja na vyombo vya uji ni "visitors", hakuna aliyealikwa na mgonjwa. Shule za bweni ni viziting, hii wote tunaijua, mzazi na kuku wake wa kukaanga ni "visitor". Kwenye maofisi unavalishwa kadi shingoni imeandikwa "visitor", na hata kama umealikwa na mkurugenzi mwenyewe, pale mlangoni kwa askari wewe ni "visitor", askari hajakualika. Viza hivyohivyo. Uingereza wanaita "Standard Visitor visa", kawaida mpaka miezi 6, na hutaona "guest visa" kwenye fomu yao, serikali haikubebi kwenye sabule, inakuruhusu dakani tu afu inaangalia saa.

Mpira: timu iliyosafiri ni "the visitors". Wenye uwanja hawajakualika wewe uje uwafunge.

Ndege pia, wale wa porini. Wale membe na wenzao wanaokuja kwenye tope za Mida wakati kwao kuna baridi, vitabu vya ndege vinawaita "visitors". Na kwenye kompyuta mambo yamegawanyika vizuri sana utafikiri waliotengeneza walikulia mtaa wa Langoni hapa Lamu: wanaopitia ukurasa wako wanahesabiwa kama "visitors", lakini asiye na akaunti akifunguliwa mlango aingie hivyohivyo anaingia kama "guest", na ile wifi ya pembeni unayompa mtu bila kumpa ya ofisi inaitwa "guest network". Kapewa neno la siri, si ndo kakaribishwa huko.

Afu kuna "be my guest". Hii imetuabisha. Mpwa wangu alikua dakani anataka kuazima kalamu ya mteja, akaomba vizuri kabisa kwa Kiingereza, mzee wa watu akamwambia "be my guest". Kijana akajibu "thank you sir but my mother is waiting for me". Maana yake si mwaliko wa kwenda kukaa kwake, maana yake ni chukua tu, jisikie uko kwenu. Ukiomba kiti ukajibiwa hivyo, vuta kiti, usiulize chakula ni saa ngapi.

Hatua ya sita: pale yote mawili yanaingia

Usije ukawa polisi wa maneno ukamsahihisha kila mtu, manake mahali pengi yote mawili yanapita. Lile daftari mezani la kuandika jina na maoni, wapo wanaoliita "visitors' book", wapo wanaoliita "guest book", sisi tumeandika la kwanza kwa sababu hata wa dakani wanaandika, ila ukienda mahali wameandika la pili nyamaza tu utie sahihi. Shangazi akija kukaa wiki nzima unaweza kusema "we have guests" na unaweza kusema "we have visitors", hakuna atakayekupiga.

Lakini sikiliza ladha. Mtu akiniambia "we have guests tonight" mimi nanusa pilau, nasikia mikeka inakungutwa, mtu katumwa kununua samaki wa kupaka na ndimu. Akiniambia "we have visitors" inaweza kuwa ni mashangazi, inaweza pia kuwa ni watu wa afya wamekuja kukagua jikoni. "Visitor" halisemi kama mtu amependwa au hakupendwa, linasema kaja. "Guest" lina mkono begani. Kwa hivyo ukiwa hujui na unamwandikia mtu unayetaka ajisikie amekaribishwa, elekea kwa "guest". Ukiwa unahesabu watu, unaandika ripoti, unatoa onyo, elekea kwa "visitor".

Na kama unapenda asili za maneno, "guest" na "host" zimetoka kwenye mzizi mmoja wa kale sana, na mzizi huohuo kwa Kilatini ulizaa neno la adui, ndo likaja "hostile". Yaani watu wa kale nao walikua na mgeni mmoja tu kama sisi, anaweza kuwa wa kumpikia anaweza kuwa wa kumfungia mlango. "Visitor" limetoka kwenye kuona, Kilatini tena. Kaja kuona. Na kweli ndo kazi yake.

Hatua ya saba: mtu akiwa mbele yako

Hii nimeiweka mwisho kwa sababu inawaumiza zaidi wale wenye adabu. Kwetu kumwambia mtu usoni "karibu mgeni", "mgeni wetu umelalaje", ni heshima. Kijana mzuri analelewa hivyo, anaenda risepsheni anasema "welcome visitor", "good morning guest". Jamani. Kiingereza hakiiti mtu hivyo. "Guest" na "visitor" ni maneno ya kumsema mtu kwa mwingine, si ya kumwita. Ukimwita hivyo unasikika kama ile mashine ya lifti. Mtafute jina lake kwenye bukingi, sema "good morning Mrs" na jina, hujui jina basi "good morning" peke yake yatosha, au "sir" na "madam" kama ni mtu mzima. Afu ukigeuka kumwambia mwenzako wa jikoni, hapo ndo unasema "our guest in number three wants tea".

Jipime na haya kabla hujaja kwangu. Mtu kaingia anaulizia choo tu. Binamu wa bosi kalala juu wiki mbili bila kulipa. Daktari aliyekuja kumwona mteja mgonjwa. Wazungu watano wamekuja kula chajio paani, wanalala nyumba nyingine. Wa choo si yeyote kati ya hao, mwonyeshe choo. Binamu ni "guest", bosi ndo mwenye kujua kwa nini. Daktari akiulizwa mlangoni ni "visitor", ingawa ni afadhali useme tu ni "the doctor". Hao watano walishawahi kunigombanisha na mwenzangu mwaka jana, yeye anasema "visitors" kwa sababu hawana chumba, mimi nasema meza wamewekewa kwa majina yao na chakula kimepikwa kwa ajili yao, ni "dinner guests", na simwachii hilo.

Tangazo la ngazini bado lipo, lile la kwanza nilichana siku ileile mbele ya yule mama akacheka mpaka akakaa. La sahii linasema GUESTS ONLY BEYOND THIS POINT, VISITORS PLEASE WAIT IN THE DAKA. Neno daka nimeliacha hivyohivyo. Nilijaribu "porch", nikajaribu "entrance", bosi akasema yote hayana kahawa. Watu wakiuliza daka ni nini nawaonyesha kwa kidole, na wengi wakishakaa hapo hata hawaulizi tena habari ya kupanda juu.